Vidonge vya Kupandia

Nimestaafu mapema. Sina mvi hata moja, na kiinua mgongo changu kilikuwa chai na maandazi siku ya kuagana. Mradi ulifika mwisho, mkataba ukaisha, na sisi tuliokuwa tunazunguka Katavi kuhamasisha watu kuhusu asidi ya foliki tukarudi kila mtu kwao. Mimi niko Misunkumilo, nina mashine ya kusaga. Lakini kila wanapopangwa vijana wapya kwenye kazi hizi za lishe, wanakuja mashineni kuniuliza waanzeje, na nimechoka kupiga kelele juu ya mlio wa mota. Basi naandika, ili nyie mnaoanza msome mkiwa mmetulia.

Kwanza, msianze na neno asidi.

Nilianza nalo mimi, Sitalike, kwenye mkutano wangu wa kwanza kabisa. Nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro na shahada ya lishe, mtu wa kuuliza kila kitu mpaka wenzangu wananikimbia, isipokuwa jambo moja ambalo sikuwahi kuliuliza: niliamini kwamba ukweli ukishasemwa, watu wataupokea. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mtaalamu, nikasema kila mwanamke aliyefikia umri wa kuzaa anatakiwa kumeza asidi kila siku.

Mbele alikuwa amekaa jamaa aliyewahi kuchimba dhahabu huko machimboni, ambako asidi wanasafishia dhahabu. Akanyoosha mkono, siyo kwa kuuliza, kwa kuonyesha. Ulikuwa na baka la kuungua kuanzia kidole gumba mpaka karibu na kiwiko.

"Hii ndiyo asidi, mtaalamu," akasema kwa upole kabisa. "Mimi ilinidondokea tu. Hawa unataka wameze."

Fundi pikipiki aliyekuwa nyuma akaongeza kwamba yeye anayo ya betri, kama serikali imeishiwa. Nikajitetea kwamba hata ndimu ina asidi. Mama mmoja akasema basi wapewe ndimu waende nyumbani, na mkutano ukaishia hapo, kwa kicheko.

Aliyenipeleka Sitalike alikuwa Generoza, nesi wa Kifipa mwenye sauti ya kwaya, ambaye alikaa wodi ya wazazi miaka mingi kabla ya kuja kwenye mradi. Watu walimwita sista, kama wanavyoitwa manesi wengi, na mimi siku ya kwanza nilimsalimia Tumsifu Yesu Kristo nikidhani ni mtawa. Aliitika bila kutabasamu. Akaniacha niendelee kumwamkia hivyo wiki nzima, mpaka mume wake alipokuja ofisini kumletea funguo.

Tukiwa njiani kurudi nililalamika kwamba sikusema uongo wowote. Generoza akajibu kwamba hakuna aliyesema nidanganye, ila kitu kinaweza kuwa na majina mengi ya kweli, na mimi nichague lisilounguza.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta jina, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Faida ya foliki mtaisoma vitabuni na mtaielewa kwa nusu saa. Mtoto tumboni anaumbika mgongo na ubongo mapema sana, katika wiki za mwanzo, mama mwenyewe akiwa bado hajashtuka kwamba ana mimba. Mwili wa mama ukipungukiwa na foliki wakati huo, mgongo unaweza usifunge vizuri, na mtoto akazaliwa na mgongo wazi. Mara nyingine maji hujaa kichwani na kichwa kikawa kikubwa. Maharage, kunde na majani ya kijani vina foliki, lakini sisi wengi tunachemsha mboga mpaka inasahau rangi yake, halafu tunamwaga maji. Chakula kizuri ni lazima, na kidonge kinaongezewa hapo. Wakati wake ni kabla ya mimba. Mwanamke akija kliniki tumbo linaonekana, mgongo wa mtoto ulishamaliza kujifunga zamani. Vidonge atapewa na avimeze, vina kazi nyingine ya damu, ila kwa mgongo tumechelewa.

Sasa mwambie hayo msichana wa Mpanda. Tulipoviita vidonge vya wajawazito, mabinti hawakuvigusa, kwa sababu ukionekana navyo kabla ya ndoa, jioni mtaa mzima umeshakuhesabia miezi. Tukaviita vitamini, akina mama wakavipeleka kwa watoto wasiopenda kula. Vidonge vya damu ni jina lililokuwa na mwenyewe tayari, vile vya madini ya chuma, na wasiopungukiwa damu wakasema hawana shida nayo.

Halafu mimi nikabuni jina nililoliona la akili sana: vidonge vya mgongo.

Ulikuwa msimu wa kuvuna mpunga, tuko upande wa Mpimbwe. Gari la matangazo lilipita jioni likasema kesho kwenye zahanati kutatolewa elimu na vidonge vya kuzuia matatizo ya mgongo. Asubuhi tulipofika, foleni ilikuwa imetoka getini. Nilifurahi mpaka nilipowaona waliomo. Walikuwa wazee. Watu walioinama kwenye majaruba ya mpunga tangu ujana wao, wameshika viuno, wengine wamekuja kwa baiskeli za kusukumwa. Wanawake walikuwepo wachache, na hao walikuja kuwasindikiza waume zao. Mzee mmoja alisikiliza maelezo yangu yote kuhusu mimba, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema amenielewa sana, sasa nimpe hata kimoja tu maana ametoka mbali.

Mimi nilitaka tufunge tuondoke. Generoza akakaa kwenye benchi katikati ya wale wazee, akauliza ni nani kati yao ana mtoto wa kiume anayetarajia kuoa. Mikono ikanyanyuka karibu yote. Akawaambia vizuri, basi mmekuja mahali penyewe. Ule ukawa mkutano bora kuliko yote tuliyowahi kufanya. Lishikeni hilo: mkifundisha wanawake peke yao, mnamfundisha mtu ambaye mara nyingi haendi zahanati bila mtu mwingine kukubali.

Pale kwenye foleni kulikuwa na kijana mmoja asiyeumwa mgongo. Jina lake Shija, wa familia ya Kisukuma iliyohamia na ng'ombe kutoka kaskazini ikaweka makazi mbele ya Majimoto. Alisubiri wazee waondoke, akanisogelea, akauliza kama huo mgongo ninaousema ni ule wa mtoto kuzaliwa na kidonda wazi chini ya uti. Nikasema ndio huo. Akatazama pembeni. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa hivyo na hakuishi. Mke wake, Minza, hakuwa ameinua kichwa tangu siku ile. Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake, laana, jicho, kitu alichokanyaga, na maelezo yote yaliishia kwa Minza. Mama yake Shija alikuwa ameshaanza kusema bora arudishwe kwao, wazee wakae wajadili ng'ombe wa mahari.

"Mimi sitaki arudi," Shija akasema. "Lakini sina cha kuwaambia."

Tukawaelekeza hospitali Mpanda, wakaenda wote wawili. Daktari akamwandikia Minza dozi kubwa kuliko ya wanawake wengine, kwa sababu aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo anahitaji zaidi. Hilo ni la daktari, msije mkaligawa nyie kwa huruma. Akawaambia pia wasiharakishe mimba, ameze kwanza miezi kadhaa ndipo washike.

Mnaona tatizo linapokuja. Mke kijana, hana mtoto, anameza kidonge kila siku kwa siri, na mimba haiji. Mama mkwe alivikuta chini ya godoro. Wewe ungefikiri nini?

Mama Shija alifikiri hivyohivyo, uzazi wa mpango. Lakini hakupiga kelele, wala hakuvitupa. Aliamua kupima.

Habari zilitufikia kupitia Shija, aliyepiga simu akisema twende haraka. Tulifika na pikipiki mchana. Mama Shija alitupokea kwa heshima zote, mwanamke mrefu mwenye macho yasiyo na haraka, akatupa vigoda. Minza alikuwa mlangoni anapepeta mchele kwenye ungo, na hakutazama upande wetu. Mama Shija akaeleza mwenyewe, bila aibu. Alikuwa na tetea anayetaga vizuri. Akamsagia vidonge kwenye pumba siku kadhaa mfululizo. Kuku akaacha kutaga.

Nikauliza kuku yuko wapi. Akanyoosha kidole kwenye kikapu kona ya jiko. Kuku alikuwa amejitandaza juu ya mayai, ananitazama kwa hasira.

"Anaatamia, mama," Generoza akasema, anajizuia kucheka.

"Naijua kuatamia, sista. Nimefuga kuku kabla wewe hujavaa hiyo sare. Huyu huwa anataga mengi ndipo analala. Safari hii amelala mapema."

Hapo nikaona nimepata mwanya. Nikamwambia kuku mmoja hatoshi kuthibitisha jambo, labda wote wangelala mapema msimu huu. Je, kulikuwa na kuku mwingine ambaye hakupewa?

"Yupo," akasema. "Yule mwekundu. Yeye anaendelea kutaga."

Nawaambieni, chuoni kuna watu wamepata shahada kwa utafiti usio na kuku wa pili. Mama Shija alijua amenishinda, akatukaribisha ugali. Tulipoondoka, kijiji kizima kilishajua kwamba vidonge vya mradi vinafunga uzazi, na ushahidi upo, unaweza kwenda kumtazama ndani ya kikapu.

Wiki hizo zilikuwa mbaya. Hata walioanza kumeza wakaacha. Shija alisema mazungumzo ya kumrudisha Minza yameanza upya, na sasa kosa limeongezeka, kwamba siyo tu amezaa vibaya bali anakataa kuzaa.

Halafu vifaranga wakatoka. Mayai yote yalianguliwa, hata moja halikuharibika, jambo ambalo watu walisema halijawahi kuonekana kwa kuku yule. Upepo ukageuka siku ileile. Sasa vidonge vya mradi vinaleta uzazi. Wanawake waliotafuta mtoto kwa muda mrefu wakaanza kuja zahanati kuomba vile vya kuku wa Mama Shija.

Generoza alifurahi wazi. Mimi sikuweza. Nilimwambia kuku hakuthibitisha kwamba vinafunga, na hajathibitisha kwamba vinaleta. Hivi si vidonge vya kutafutia mimba. Yule mama aliyekuja akiamini atapata mtoto, asipopata, atarudi kwetu na maneno gani? Na kuku wa kesho akifa? Tulibishana njia nzima kuelekea kwa Mama Shija, yeye mbele anaendesha, mimi nyuma napiga kelele kwenye kofia yake. Akasema kuku ametusaidia na mimi namkataa. Nikasema ndio, namkataa.

Tukamkuta Mama Shija kwenye hali ya ushindi, vifaranga wanamzunguka miguuni. Minza alikuwa palepale mlangoni na ungo wake. Nikamwambia kuku wake hakuonyesha chochote, wala mara ya kwanza wala ya pili, na kwamba vidonge havifungi uzazi wala havileti. Kazi yake ni mgongo na kichwa cha mtoto tu.

Akanikazia macho, akauliza:

"Kwa hiyo mkwe wangu akivimeza, mtoto atakuwa mzima?"

Ungo wa Minza ukasimama. Ndugu zangu, kila mtu pale alikuwa anataka neno moja. Generoza alinikanyaga mguu. Lile neno lingemaliza kila kitu, Minza angebaki, tungekula tukaondoka. Na mimi sikuwa nalo.

"Sijui, mama," nikasema. "Wanawake wengi wakivimeza kwa wakati, watoto wenye shida ile wanapungua sana. Hilo nalijua. Huyu mmoja wa Minza siwezi kukuahidi. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Generoza akafumba macho. Mama Shija akaokota kifaranga aliyepanda kwenye kandambili yake, akamweka chini.

"Waganga wote niliowaendea waliniahidi," akasema. "Na walikula ng'ombe. Wewe hujaomba hata kuku, na bado unasema hujui." Akafikiri kidogo. "Haya. Nieleze kwa nini avimeze sasa, wakati tumboni hana kitu."

Nikaeleza. Safari hii sikusema asidi wala sikusema vitamini. Nikasema mgongo wa mtoto unafungwa mwanzoni kabisa, kabla mama hajajua, na kile kinachoufunga lazima kiwe kimeshawekwa mwilini. Alisikiliza akitazama shamba lake la mahindi nyuma ya zizi.

"Kumbe ni mbolea ya kupandia," akasema. "Unaweka shimoni na mbegu, hujaona jani. Vile wanavyopewa kliniki tumbo limeshatoka ni vya kukuzia."

Nilikuwa nimezunguka mkoa mzima natafuta jina. Nikarudia polepole, vidonge vya kupandia. Tatizo ni kwamba pale tulikuwa kwa wafugaji, na kwa mtu wa ng'ombe kupanda ni kazi ya dume pia. Minza akainamia ungo, mabega yanatikisika. Generoza akamwona, naye akashindwa, kisha Mama Shija mwenyewe akageuka pembeni akafunika mdomo kwa kanga. Nilikaa katikati yao kama mgeni ambaye hajatafsiriwa.

Kicheko kilipokwisha Minza akasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake vizuri:

"Na yule wa kwanza? Ningekuwa nimeweka ya kupandia?"

Alijibu Generoza.

"Hakuna aliyekuwa amekuambia, mwanangu. Na wapo waliomeza vizuri kabisa na bado wakapata shida hiyo. Hukukanyaga kitu. Hukumkosea mtu."

Mama Shija aliingia ndani akatoka na kikopo cha vile vidonge alivyovikuta chini ya godoro, vilivyopungua kwa sababu ya kuku, akamwuliza Generoza kilichobaki kinatosha mpaka lini na vingine vinapatikana wapi. Kisha akakifunga kwenye ncha ya kanga yake. Akasema kuanzia leo vitakaa kwake, na kila jioni baada ya kula mkwe wake atakuja kuvichukua mkononi kwake, maana vijana wanasahau. Habari ya kumrudisha Minza kwao sikuisikia tena, hata kutoka kwa Shija.

Jina lile lilitembea lenyewe. Lilifika Mishamo kabla yetu. Tulikwenda kule kufundisha wakulima wa mahindi na maharage, tukakuta wanatuuliza kama tumekuja na vya kupandia au vya kukuzia. Hata yule mchimba dhahabu wa Sitalike alimleta binti yake anayejiandaa kuolewa. Mratibu wetu hakulipenda, alisema halina hadhi, na kwenye ripoti ikaendelea kuandikwa asidi ya foliki. Mwacheni aandike. Nyie mkifika kwa watu, ulizeni kwanza wao wanalima nini, wanafuga nini, wanacheka nini. Na mkiulizwa swali msilolijua jibu lake, semeni hamjui. Mtaona watu wanavyosogeza viti karibu.

Minza alijifungua msimu wa pili wa mpunga tangu ile foleni ya wazee. Nilipata habari nikiwa Mpanda, bila kuambiwa mtoto yukoje, nikaenda peke yangu, Generoza alikuwa likizo. Niliendesha taratibu, sikutaka kufika.

Mama Shija alikuwa amekaa kivulini mwa ghala, kitu kidogo kimefungwa kwenye kitenge mapajani mwake. Hakunisalimia. Alifungua kitenge, akamgeuza mtoto kifudifudi, akasema, "Haya, kagua."

Nikanawa mikono, nikapitisha kidole kuanzia shingoni. Mfupa mmoja, mwingine, mwingine, ngozi laini kote mpaka mwisho. Mtoto alikasirika, akanikojolea. Minza alikuwa mlangoni, kichwa juu, ananicheka bila kujificha.

Nikamwambia Mama Shija ukweli niliokuwa nao, kwamba nimefurahi kupita kiasi, lakini hata sasa siwezi kuapa kwamba ni vidonge. Huenda mtoto huyu angekuwa mzima hata bila hivyo. Akasema alijua nitasema hivyo, alishamwambia Minza tangu asubuhi. Akamfunga mtoto tena, kwa mikono isiyokosea, kisha akaniuliza kama mke wangu anameza.

"Sina mke bado, mama."

Akanitazama kama alivyonitazama siku ya kuku.

"Basi ndiyo wakati wake huo, baba. Nenda kamtafute, na vidonge uende navyo."